Kutoka "Imegoma" Hadi Kurekebishwa: Safari ya Ripoti ya Hitilafu katika Programu za Kuhariri Video

Toleo la majaribio la programu ya kuhariri video, ambalo wenye kazi yao huliita beta, ni programu iliyokamilika kiasi cha kutumika lakini haijapimwa kiasi cha kuaminiwa. Vyote vimo: taimlaini ya kupanga klipu, sehemu ya kurekebisha rangi, ya kusawazisha sauti, ya maandishi, na ile ya kutoa faili la mwisho. Kinachokosekana ni uhakika kwamba vitu hivyo vitafanya kazi kwenye kompyuta nyingine mbali na zile za watengenezaji. Uhakika huo haupatikani ofisini. Hupatikana kwa watu wengine kuitumia programu, kuiharibu bila kukusudia, na kueleza walivyoiharibu.

Milango ya kuingilia majaribio hayo haifanani. Kampuni nyingine huchagua wahariri wachache, huwasainisha mkataba wa kutunza siri, kisha huwapa programu miezi kadhaa kabla ya umma kuijua. Nyingine huacha mlango wazi. Kampuni ya Blackmagic Design ya Australia imezoea kutangaza matoleo mapya ya DaVinci Resolve mwezi Aprili, wakati wa maonyesho ya utangazaji ya NAB mjini Las Vegas, na siku hiyohiyo yeyote anayetaka hupakua toleo la majaribio bure. Toleo la 19 lilifunguliwa hivyo Aprili 2024, likapitia beta kadhaa, na la mwisho likatoka Agosti. Adobe nayo, tangu 2020, imewaruhusu wanaolipia Premiere Pro kusakinisha toleo la majaribio kando ya lile la kawaida, yote mawili yakakaa kwenye kompyuta moja bila kugombana. Kwa programu huria kama Kdenlive na Shotcut mambo yako wazi zaidi: hata mabadiliko yaliyofanywa jana yanaweza kuonekana na kujaribiwa na anayejua pa kuyachukulia.

Programu nyingi hupitia majaribio ya aina hii, lakini za video zina ugumu wake. Programu ya hesabu hupokea namba tu. Programu ya video hupokea chochote ambacho kamera yoyote imewahi kurekodi. Chukua kazi ya kawaida ya mhariri wa video za harusi, awe Kariakoo au River Road. Kamera kubwa mbili zimerekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, kasi iliyozoeleka katika televisheni za Afrika Mashariki. Ndege ndogo isiyo na rubani imerekodi kwa 30 kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Shangazi wa bibi harusi ameleta klipu ya simu, na binamu ametuma nyingine kwa WhatsApp, imebanwa hadi nyuso zimekuwa vigae. Vyote hivyo vinatakiwa vikae kwenye taimlaini moja na sauti iende sambamba na midomo.

Klipu ya simu ndiyo yenye vituko zaidi. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja. Ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, simu hupunguza idadi ya fremu ili kila moja ipate mwanga wa kutosha. Taa zikiwaka, kasi inapanda tena. Programu iliyoandikwa kwa imani kwamba fremu zote zina urefu sawa itaipanga video hiyo vibaya, na bwana harusi atasikika akisema ndiyo kabla hajafungua kinywa.

Ubaya ni kwamba makosa ya namna hii hujificha kwenye majaribio mafupi. Iko kasi ya fremu 30 kwa sekunde, na iko ya 29.97 iliyorithiwa kutoka televisheni ya rangi ya Marekani. Tofauti yake ni moja ya elfu. Programu ikiichukua video ya fremu 30 na kuicheza kama 29.97, klipu ya dakika moja itapishana na sauti yake kwa sekunde 0.06, yaani chini ya fremu mbili, na mtengenezaji anayejaribu kwa klipu fupi ataona kila kitu kiko sawa. Sherehe iliyorekodiwa saa tatu mfululizo itapishana kwa karibu sekunde 11. Kosa lilikuwapo tangu mwanzo, ila lilihitaji mtu mwenye sherehe ndefu.

Juu ya video zenyewe kuna kompyuta. Kazi nzito ya kurekebisha rangi na kutoa faili hufanywa na kadi ya grafiki, na kila kadi, iwe ya NVIDIA, AMD au Intel, huendeshwa na draiva yake yenye matoleo yasiyo na idadi. Programu inaweza kuganda kwa sababu draiva imepitwa na wakati, au kwa sababu draiva ni mpya mno, au kwa sababu kumbukumbu ya kadi imejaa katikati ya kazi. Kampuni haiwezi kununua kila kompyuta iliyoko duniani ili kuyajua haya. Watumiaji wanazo tayari.

Kwa hiyo ripoti ya hitilafu, yaani maelezo ya mtumiaji kuhusu kilichoharibika, ndiyo bidhaa yenyewe ya kipindi cha majaribio. Na ripoti nyingi hazifai. Iliyo maarufu kuliko zote huwa na maneno machache: programu inagoma kila nikitaka kutoa video, rekebisheni. Aliyeiandika amekasirika kwa haki. Ila mtengenezaji anayeisoma, akifungua programu kwake na kutoa video bila tatizo, hana pa kuanzia.

Ripoti inayofaa huwa na sura nyingine. Hutaja namba kamili ya toleo, si "jipya". Hutaja mfumo wa kompyuta, ukubwa wa RAM, kadi ya grafiki na draiva yake. Kisha hueleza hatua kwa mpangilio. Kwa mfano: fungua mradi mpya wa fremu 25, weka klipu moja iliyorekodiwa kwa simu, ipunguze kasi hadi asilimia 50, ikate katikati, bonyeza kutendua mara mbili. Hapo programu inajifunga. Ilitakiwa klipu irudi ilivyokuwa. Hutokea kila mara kwa klipu ya simu, haitokei kwa klipu ya kamera. Hiyo sentensi ya mwisho ina thamani kuliko kurasa tatu za malalamiko, kwani imekwisha kumwambia mtengenezaji kwamba asihangaike na kitufe cha kutendua peke yake, aangalie namna kitufe hicho kinavyokutana na video yenye kasi inayobadilika.

Mwingereza Simon Tatham, mtengenezaji wa programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 insha kuhusu namna ya kuripoti hitilafu, na mpaka leo watengenezaji huwaelekeza watumiaji huko. Kiini chake ni kutenganisha alichokiona mtu na anachokidhania. Mhariri akiandika kwamba kadi ya grafiki imeharibika, ameandika dhana yake. Akiandika kwamba skrini iligeuka ya kijani baada ya kuweka athari ya ukungu, ameandika alichokiona. Dhana inaruhusiwa, lakini ifuate nyuma. Wanaokosea zaidi hapa ni wataalamu, maana mgeni husimulia kila kitu ilhali fundi hutoa hukumu.

Kazi ngumu katika ripoti ni kuupunguza mradi. Filamu ya saa mbili yenye klipu 400 ikijifunga kila inapofika dakika ya 71, hakuna atakayeipokea filamu nzima. Mhariri mvumilivu hutengeneza nakala ya mradi, hufuta nusu ya klipu, na kujaribu. Ikigoma bado, kosa liko katika nusu iliyobaki. Ikipona, liko katika ile iliyofutwa. Hugawanya tena, na tena, hadi abaki na klipu mbili na athari moja. Mara nyingi atagundua kwamba dakika ya 71 haikuwa na uhusiano wowote. Ilikuwa picha moja kubwa mno iliyopachikwa hapo. Programu zenyewe husaidia kidogo. DaVinci Resolve, kwa mfano, ina amri kwenye menyu ya msaada inayokusanya kumbukumbu za utendaji na kuziweka kwenye faili moja, tayari kwa kuambatishwa.

Kuambatisha nako kuna adabu yake. Klipu inayosababisha tatizo huenda ni ya mteja, na baadhi ya mifumo ya kupokea ripoti huonwa na dunia nzima. Wahariri makini hurekodi klipu nyingine kwa simu ileile, ya ukuta au ya barabara, wakahakikisha nayo inaleta tatizo, ndipo wakaituma. Faili la mradi pia hubeba majina ya folda, na ndani ya majina ya folda hukaa majina ya watu.

Upande wa pili, ripoti hupokelewa kwenye daftari kubwa la kielektroniki. Mojawapo ya yaliyotangulia na yanayotumika hadi sasa ni Bugzilla, iliyoanza mwaka 1998 kwa mradi wa Mozilla, na KDE, jumuiya inayotengeneza Kdenlive, huitumia hiyo. Kila ripoti hupewa namba na hali. Kwanza ni ripoti tu. Mtu mwingine akiweza kulifanya kosa litokee kwake, inathibitishwa. Ikiwa ni sawa na iliyotangulia, inaunganishwa nayo. Ikikosa maelezo, mwenyewe huulizwa. Hapo ndipo ripoti nyingi zinapofia. Katika daftari la KDE, ripoti iliyoulizwa ikakaa siku 15 bila jibu hukumbushwa na mtambo, na baada ya siku 15 nyingine hufungwa. Watumiaji huona ni dharau. Ukweli ni kwamba anayesoma ripoti hizo, kwa programu huria, mara nyingi ni mtu mmoja au wawili wanaojitolea jioni baada ya kazi.

Kuna aina moja ya ripoti inayopewa uzito kuliko nyingine: ile inayosema kwamba kitu kilifanya kazi katika toleo lililopita na sasa hakifanyi. Hitilafu ya namna hiyo ina tarehe ya kuzaliwa. Watengenezaji huchukua mabadiliko yote yaliyofanywa kati ya matoleo mawili na kuyagawa nusu kwa nusu kama mhariri alivyogawa klipu zake. Yakiwa 1,000, majaribio 10 yanatosha kulifikia badiliko lenye kosa, bila mtu kuelewa kwanza kosa lenyewe ni nini. Ndiyo maana mtumiaji anayetunza toleo la zamani, akajaribu yote mawili kabla ya kuandika, humwokolea mwenzake siku nzima.

Kdenlive inaonyesha vizuri namna mambo haya yanavyokwenda, kwa kuwa kila kitu chake hufanyika hadharani. Programu hii ilianza mwaka 2002, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 sehemu ya ndani ya taimlaini ilikuwa imezeeka. Watengenezaji waliamua kuiandika upya. Toleo jipya lilitarajiwa Desemba 2018. Waliolijaribu walilikuta bado halijatulia, likasogezwa hadi Aprili 2019. Lilipotoka kwa jina la 19.04, zaidi ya asilimia 60 ya mambo ya ndani yalikuwa yamebadilishwa. Kusogeza tarehe kwa sababu ya ripoti ni uamuzi ambao kampuni yenye tangazo lililokwisha kulipiwa huuona mchungu sana.

Lakini kisa cha kufundisha zaidi ni kidogo kuliko hicho, kinahusu mkato. Mradi wa Kdenlive huhifadhiwa kama faili la maandishi, na humo athari zote zimeandikwa kwa namba: mwangaza 0.5, ukungu 2.75. Nchi zinazozungumza Kiingereza, na Tanzania na Kenya pamoja nazo, hutenga desimali kwa nukta. Ufaransa, Ujerumani, na Kongo inayofuata desturi ya Kifaransa, hutenga kwa mkato: 0,5. Kompyuta iliyowekwa lugha ya Kifaransa iliweza kuandika mwangaza kama 0,5 ndani ya faili. Sehemu nyingine ya programu, iliyotarajia nukta, ilisoma sifuri, ikafika kwenye mkato, ikasimama. Mwangaza ukawa sifuri.

Mhariri aliyeona hivyo hakuona mkato. Aliona athari imetoweka, au klipu imekuwa nyeusi, au programu imejifunga alipofungua mradi wa jana. Mwenzake mwenye kompyuta ya Kiingereza alifungua programu hiyohiyo na hakuona chochote. Ripoti za aina hiyo ziliingia kwa sura mbalimbali, kila moja ikilalamikia athari yake. Mtu akiziangalia mojamoja hakupata jibu. Ilibidi zipangwe pamoja, ndipo lugha ya kompyuta ikaonekana kuwa kitu pekee walichoshirikiana waathirika. Dawa ilikuja na toleo la 20.08, Agosti 2020: mpangilio wa faili la mradi ulibadilishwa ili namba ziandikwe kwa nukta popote pale. Gharama yake ilikuwa kwamba miradi iliyotengenezwa kwa toleo hilo haikuweza tena kufunguliwa kwa matoleo ya nyuma.

Gharama hiyo ndiyo inayowapata wengi wanaoingia kwenye majaribio bila tahadhari. Toleo jipya hubadilisha namna ya kuhifadhi mradi, na njia ya kurudi hufungwa. DaVinci Resolve huweka miradi katika hifadhidata. Mradi ukishafunguliwa kwa toleo jipya, toleo la zamani haliusomi tena, na kampuni yenyewe huwahimiza watumiaji kutengeneza nakala kabla ya kugusa beta. Kazi ya mteja aliyelipa haikai kwenye toleo la majaribio. Jambo hili hurudiwa kila mwaka, na kila mwaka hupatikana mtu anayepiga kelele usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Si kila anachotuma mtumiaji ni hitilafu. Mengi ni maombi: kitufe kihamishwe, njia ya mkato iwe kama ya programu fulani, kipengele kiongezwe. Mpaka kati ya hitilafu na ombi hauko wazi kama watengenezaji wanavyopenda, na Apple ililipa sana kwa kutoujua. Tarehe 12 Aprili 2011, mjini Las Vegas, kampuni hiyo ilionyesha Final Cut Pro X iliyoandikwa upya kabisa, na tarehe 21 Juni ikaanza kuiuza kwa dola 299.99. Ilikuwa na kasi, na taimlaini yake ilijipanga yenyewe. Lakini haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7, haikuwa na uhariri wa kamera nyingi, wala haikuweza kutoa faili za kupeleka mradi kwa fundi wa sauti au wa rangi. Wakati huohuo toleo la zamani liliondolewa sokoni.

Kwa Apple hayo hayakuwa makosa, yalikuwa vipengele visivyowahi. Kwa kituo cha televisheni chenye kamera sita studioni, programu isiyojua kamera nyingi haifanyi kazi, basi. Maoni ambayo majaribio ya wazi yangeyapata mapema yalikuja baada ya mauzo, kwa hasira, hadi Apple ikaruhusu tena toleo la 7 liuzwe. Septemba 2011 masasisho yakarudisha ubadilishanaji wa miradi kwa faili za XML. Uhariri wa kamera nyingi ulirudi Januari 2012, na katika sasisho hilohilo kipengele cha kuonyesha picha kwenye skrini za utangazaji kilitolewa kikiwa kimeandikwa waziwazi kwamba ni beta. Programu yenyewe ilikuja kuwa nzuri. Wahariri wengi walikwisha hamia kwingine.

Ziko pia ripoti ambazo haziandikwi na mtu. Programu ikijifunga ghafla, dirisha hutokea kuomba ruhusa ya kutuma maelezo kwa mtengenezaji. Humo kuna orodha ya shughuli ambazo programu ilikuwa ikizifanya dakika ile, na kwa mtengenezaji orodha hiyo ni dhahabu, hasa zikikusanywa nyingi na kuonekana zote zimeangukia sehemu moja. Udhaifu wa ripoti hizi ni kwamba husema programu ilianguka wapi bila kusema mhariri alikuwa anafanya nini. Tena haziwezi kuona makosa yasiyoiangusha programu: rangi iliyofifia kidogo kwenye faili la mwisho, au sauti iliyopishana kwa sekunde 11.

Kutuma ripoti hizo kunahitaji intaneti, na maandishi ya ripoti yanahitaji, mara nyingi, Kiingereza. Matokeo yake daftari la hitilafu huelemea upande wa wenye kompyuta mpya, umeme usiokatika na bando lisiloisha. Mhariri wa Goma au Mwanza anayetumia kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8 hukutana na makosa ambayo ofisi ya mtengenezaji haiwezi kuyatengeneza kwa makusudi: umeme kukatika wakati programu inasevu, diski ya nje kuchomoka katikati ya kutoa video, faili la mradi kubaki nusu. Akinyamaza, kosa hilo kwa mtengenezaji halipo. Ripoti yenye Kiingereza cha kuungaunga, ikiwa na hatua zake kwa mpangilio na picha ya skrini, hueleweka vizuri kuliko insha nzuri isiyo na hatua.

Kipindi cha majaribio hakiishi kwa hitilafu kwisha. Huisha watengenezaji wanapoamua kwamba zilizobaki zinavumilika, na toleo la mwisho hutoka likiwa na orodha ya matatizo yanayojulikana. Orodha ya yaliyorekebishwa nayo hutolewa, na kwenye programu huria vipengele vingi hubeba namba ya ripoti iliyovizaa, hivyo aliyeandika anaweza kuiona yake. Kdenlive hutoa matoleo makubwa Aprili, Agosti na Desemba, kila moja likitanguliwa na beta na kufuatiwa na masasisho madogo ya kila mwezi. Ripoti ambazo hazikupata mtu wa kuzishughulikia haziandikwi upya. Husubiri toleo linalofuata zikiwa na namba zilezile.